MBWA MUZEE ANAPOSAHAU NJIA YA NYUMBANI

Watu wengi wanafuga mbwa. Mbwa analinda nyumba usiku, anafukuza nyani katika shamba, anakwenda na bwana wake kuwinda. Katika pori la Ituri na Uele wawindaji wanajua sana mbwa mudogo mwenye mukia wa kujipinda, asiyebweka kama mbwa wengine. Wanamufunga kengele ya muti shingoni, wapate kusikia anapopita katika majani. Wazungu walimupeleka mbwa wa namna hii mpaka Ulaya, wakamwita Basenji.

Lakini mbwa anazeeka upesi kuliko mutu. Mbwa wa mwili mukubwa ni muzee akifika miaka 7 ao 8. Mbwa mudogo, akipita miaka 10. Macho yake yanafifia, meno yanatoka, miguu inakauka. Na ubongo wake unazeeka vilevile. Somo hili linaeleza ginsi ya kutambua ugonjwa huu wa ubongo, ginsi ya kuutenga na kichaa cha mbwa, na ginsi ya kumusaidia mbwa muzee kwa vitu tulivyo navyo nyumbani.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ubongo ni kama muji wenye nyumba nyingi sana. Kila nyumba ni chembe ndogo, na chembe hizi zinapelekeana habari muchana na usiku. Mbwa akizeeka, uchafu wa namna ya protini unakusanyika katikati ya chembe. Mishipa ya damu inakuwa zaifu. Chembe nyingi zinakufa, na ubongo wenyewe unapungua. Uchafu wa namna hii unaonekana pia katika ubongo wa watu wenye ugonjwa ule ambao munganga Alois Alzheimer wa Ujerumani alieleza mwaka 1906.

Alama zake ni hizi:

1. Mbwa anapotea mahali anapopajua, ao anasimama pembeni ya ukuta asijue kurudi nyuma.
2. Analala muchana, na usiku anatembea-tembea na kulia.
3. Hasalimii tena watu wa nyumba kwa mukia, ao hawatambui.
4. Anajichafua ndani ya nyumba, ijapokuwa zamani alijua kutoka inje.
5. Anasahau maneno aliyofundishwa.

Ugonjwa huu si wa ajabu. Katika Marekani, wataalamu wa California waliuliza habari za mbwa wazee, wakatangaza hesabu mwaka 2001. Kati ya mbwa wenye miaka 11 ao 12, mbwa 28 kwa kila 100 walikuwa na alama moja ao zaidi. Kati ya wale wenye miaka 15 ao 16, walikuwa 68 kwa kila 100.

Basi, mbwa muzee akilia usiku, usiseme ameona roho ya mufu. Usiseme jirani amemutuma. Analia kwa sababu ameamuka katika giza na hajui mahali alipo.

KWANZA UJUE: NI UZEE AO NI KICHAA?

Hapa usifanye haraka, kwa maana uhai wa watoto wako unaweza kuwa katika hatari. Kichaa cha mbwa kinaweza kumushika mbwa wa miaka yote, hata muzee.

Ugonjwa wa uzee unakuja polepole, mwezi kwa mwezi. Mbwa anaendelea kula na kunywa, na kwa kawaida ni mupole.

Kichaa kinakuja kwa siku chache tu. Mbwa aliyekuwa mupole anauma watu, ao anauma miti na mawe. Ao mbwa mukali anakuwa mupole mno na kujificha. Sauti yake inabadilika. Mate yanamwagika, taya inaanguka, hawezi kumeza. Miguu ya nyuma inalegea. Akiisha kuwa na alama hizi, anakufa upesi, kwa kawaida mbele ya siku 10 kupita.

Ukiona alama hizi, usimuguse, wala usifungue kinywa chake kutafuta mufupa. Ondoa watoto. Uite munganga wa nyama ao wakubwa wa muji. Mbwa aliyekufa hivi asichunwe wala asiliwe.

Kama mbwa amemuma mutu, ao amemulamba penye kidonda, fanya hivi bila kukawia:

1. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15. Usitie mavi ya ngombe, wala majani, wala mafuta.
2. Mulete mutu hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wa nyumba yako.
3. Kamilisha sindano zote za chanjo. Usiache katikati kwa sababu unajisikia vizuri.

Louis Pasteur wa Ufaransa alitoa chanjo hii kwa mutoto aliyeumwa na mbwa, mwaka 1885, na mutoto akapona. Lakini alama za kichaa zikiisha kuonekana kwa mutu, karibu wote wanakufa. Kwa hiyo dawa inayoshinda zote ni kumuchanja mbwa mwenyewe akiwa muzima. Mbwa muzee naye achanjwe.

UANGALIE MAGONJWA MENGINE

Pengine ubongo ni muzima, lakini mbwa hasikii tena, ao haoni. Pengine jino limeoza, ao viungo vinamuuma, ndiyo sababu hataki kuamuka. Minyoo na kupe wanamaliza damu. Pahali penye mbung'o, mbwa anaweza kupata ugonjwa wao. Analegea, anakonda, na macho yanakuwa na wingu jeupe. Kama munganga wa nyama ni karibu, amutazame kwanza.

CHAKULA NA UTUNZAJI

Tuseme kweli: hakuna jani wala muzizi unaofufua chembe za ubongo zilizokufa. Mutu akikuuzia dawa ya namna hiyo, anatafuta feza yako tu. Lakini tunaweza kusaidia chembe zilizobaki.

Wataalamu wa Marekani na Kanada walitunza mbwa wazee 48 wa aina ya Beagle muda wa miaka 2. Wengine walipewa chakula chenye vitamini E na C, pamoja na mboga na matunda. Wengine walitembezwa, walipewa rafiki wa kukaa naye na vitu vya kuchezea, na kufundishwa mambo mapya. Wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata hata moja. Habari zilitangazwa mwaka 2005: wale waliopata yote mawili walishinda wengine katika kujifunza. Basi, chakula na mazoezi viende pamoja.

Chakula. Ugali peke yake hautoshi. Changanya na samaki wadogo, kama ndagala ao sambaza, waliopikwa bila chumvi. Mafuta ya samaki ni mazuri kwa ubongo. Ongeza yai lililopikwa mara kwa mara, lenga-lenga iliyopikwa, boga, ao kipande cha papai bivu. Mawese mekundu yana vitamini E na rangi inayoleta vitamini A. Nusu ya kijiko cha chai kwa siku inatosha mbwa mudogo, kwa maana mafuta mengi yanaharisha na kuleta ugonjwa wa tumbo. Anza kila chakula kipya kidogo-kidogo. Maji safi yawe mahali pamoja siku zote.

Kutembea. Umutembeze asubuhi na jioni, polepole, kwa njia ileile. Jua la asubuhi linamusaidia kukesha muchana na kulala usiku. Usimufunge kamba siku nzima.

Kazi ya akili. Ficha kipande cha samaki chini ya kikapu, akitafute kwa pua. Umwite kwa jina. Umwagize neno alilolijua zamani, na akitii umusifu.

Utulivu. Usihamishe mahali pake pa kulala. Umupe gunia kavu. Umutoe inje mara nyingi, na mara ya mwisho mbele ya kulala. Ziba njia ya kisima na ya jiko. Usimupige akijichafua, hakumbuki kosa lake, anajifunza kukuogopa tu.

VITU VINAVYOMUZURU MBWA

Usimupe kitunguu wala kitunguu saumu, kwa maana vinaharibu damu yake. Usimupe kahawa, chokoleti, tumbako, wala pombe. Usimupe makayabo yenye chumvi nyingi, wala mifupa iliyopikwa, inayopasuka na kuchoma matumbo. Majani ya muhogo mabichi yana sumu. Sombe lazima itwangwe na kuchemushwa sana. Na vidonge vya watu vya kutuliza maumivu, kama parasetamoli na ibuprofeni, vinaweza kumuua.

NENO LA MWISHO

Maandiko hayakusahau nyama wa nyumbani; soma Mezali 12:10. Mbwa aliyekesha miaka 10 mulangoni pako, watoto wako wakilala, hastahili kutupwa porini siku anaposahau njia. Na kama maumivu yake yamepita kiasi, munganga wa nyama anaweza kumulaza bila mateso. Asipigwe mawe.

Tena, utafakari jambo hili. Muzee wa watu naye anaweza kuugua ubongo. Mama muzee anayetembea usiku, anayesahau majina ya wajukuu, anayesema na watu wasioonekana, wengine wanamwita muchawi na kumufukuza. Si muchawi. Ni mugonjwa. Umulete hospitali, umupe chakula chema, umushike mukono, ukae naye.

MAULIZO

1. Taja alama tatu za ubongo uliozeeka katika mbwa.
2. Ugonjwa wa uzee na kichaa cha mbwa vinatofautiana namna gani?
3. Mbwa amemuma mutoto. Utafanya nini kwanza? Kisha nini?
4. Kwa nini chakula chema bila kutembea hakitoshi?
5. Je, katika muji wenu kuna muzee anayeitwa muchawi kwa sababu anasahau? Kanisa linaweza kumusaidia namna gani?