Jiko Linapokataa Kuwaka Wakati wa Baridi

Mjini Nairobi majira ya baridi huanza mwezi wa Juni na kuendelea hata Agosti. Mji huu umejengwa mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ingawa ikweta haiko mbali, usiku wa Julai joto hushuka mara nyingi hata kufikia digrii 12 au chini yake. Katika nchi za Ulaya nyumba nyingi zina mtambo wa kuchemsha maji na kuyapitisha katika mabomba ili kupasha vyumba joto, na moshi wake hutolewa nje kwa njia yake maalum. Mtambo ukiharibika, mwenye nyumba humwita fundi.

Huku kwetu Eastlands, kama vile mtaani Kware katika Embakasi Kusini, mtambo wa namna hiyo haupo. Ingawa wengi sasa wanapikia gesi, katika nyumba nyingi chombo cha kuota moto ni jiko la makaa, nalo halina bomba la moshi. Likikataa kuwaka, fundi wa kwanza ni mwenyewe. Kwa hiyo yafaa kila mwenye jiko ajue mambo mawili: jinsi ya kutafuta kasoro, na mahali ambapo jiko halipaswi kuwekwa hata likiwa zima kabisa. Jambo hilo la pili ni kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa linahusu uhai wa watu.

NJIA YA HEWA

Jiko linalotumiwa sana siku hizi ni lile lenye kiuno chembamba, bati kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani. Lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuchukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand na kuuchanganya na jiko la bati tulilolizoea. Mafundi wa jua kali wa Nairobi walijifunza kulitengeneza, na likaenea hata nchi jirani. Udongo huyahifadhi joto, na kwa sababu hiyo jiko hili hula makaa machache kuliko lile la bati tupu.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Hewa huingia kwa mlango mdogo ulio chini, hupanda kupitia matundu ya udongo, kisha huyafikia makaa. Njia hiyo ikizibwa popote, moto hudhoofika. Basi mtu anayetafuta kasoro na aifuate njia ya hewa kutoka chini kwenda juu, hatua kwa hatua, wala asianze kwa kupepea kwa nguvu.

Kwanza, tazama majivu. Majivu ya jana yakijaa chini, hewa haipiti. Yamwage kila siku kabla ya kuwasha, yakiwa yamepoa.

Pili, tazama matundu. Chenga za makaa na vijiwe hukwama humo. Yazibue kwa kijiti au msumari, kwa upole, ili udongo usivunjike.

Tatu, tazama makaa yenyewe. Makaa mema yakigongwa hulia, na yakivunjwa hung'aa. Makaa yaliyonyeshewa hupasuka-pasuka na kutoa moshi, yaanike juani. Vipande vyenye rangi ya hudhurungi ni kuni zisizoiva, navyo vitafukiza tu. Kadhalika, usimimine vumbi la makaa juu ya moto, wala usilijaze jiko kupita kiasi.

Nne, tazama kikombe cha udongo. Ufa mwembamba si neno. Lakini kikombe kikilegea, au kipande kikianguka, makaa huligusa bati na kulitoboa upesi. Mpelekee fundi akutilie kikombe kipya. Siku ya kwanza kiwashie moto mdogo, ili unyevu utoke polepole kisipasuke.

Tano, tazama mlango. Mlango ulioshikwa na kutu usiofunguka hulinyima jiko hewa, na usiofungika huyamaliza makaa upesi. Wakati wa kuwasha uwe wazi, na uelekezwe upande upepo unakotoka.

Onyo moja zaidi: usimwage mafuta ya taa juu ya jiko lenye moto ndani yake. Wengi wameungua kwa haraka hiyo.

HEWA ISIYOONEKANA

Kazi yote hiyo hufanywa nje, au penye hewa tele. Moshi ukiisha na makaa yakawa mekundu, ndipo watu wengi husema, "Sasa limekuwa safi," wakaliingiza chumbani, wakafunga dirisha, wakaziba upenyo wa mlango kwa tambara, wakalala. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Makaa yanayoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na haiwashi macho. Ule mwali mdogo wa buluu unaochezacheza juu ya makaa ni hewa hiyo yenyewe inaungua. Mwali ukizimika na makaa yakafunikwa na majivu, hewa hiyo huendelea kutoka bila kuungua. Kwa hiyo jiko lililotulia huweza kuwa la hatari kuliko lile linalofuka moshi, kwa maana moshi hukufukuza utoke.

Ikiingia mapafuni, hewa hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu ipitayo mara 200 ile ya oksijeni, hata mwili ukakosa pumzi ingawa mtu bado anavuta hewa. Mwaka 1896 mwanachuoni John Scott Haldane alichunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe wa Tylorstown, huko Wales, baada ya mlipuko. Alikuta kwamba wengi wao hawakuuawa na mlipuko wenyewe, bali na hewa hiyo. Tangu hapo wachimbaji walishauriwa kubeba viumbe wadogo, na ndege wadogo walitumiwa migodini Uingereza hata miaka ya 1980, kwa sababu pua ya mwanadamu haiwezi kuitambua.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Mtu huweza kudhani ni malaria au chakula kibaya. Lakini wote waliomo chumbani wakiugua pamoja, na wakapata nafuu watokapo nje, shuku jiko. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Fungua mlango, mtoe nje, na mpeleke hospitali upesi akapewe oksijeni. Maziwa hayaiondoi sumu iliyokwisha kuingia katika damu.

LA KUFANYA

Tunajua kwamba makaa hununuliwa kwa fedha, na mtu huona uchungu kuuacha moto upotee nje huku watoto wakitetemeka ndani. Lakini moto huo unaweza kutumika pasipo hatari. Chakula kikiiva, teleka maji juu ya makaa yaliyobaki, hapo hapo nje. Yatie katika chupa ya chai, au katika mfuko wa mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo, uuzungushie kitambaa na kuuweka kitandani. Makaa yasiyokwisha yatie katika mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana. Yatazimika kwa kukosa hewa, nawe utayatumia kesho. Mkebe huo nao ukae nje hata upoe kabisa.

Katika majumba ya ghorofa ya Kware, chumba kimoja huwa ndicho jiko, sebule na malazi, na dirisha mara nyingine hutazama ukuta wa jirani. Ujia uliofungwa pande zote si nje; jiko likiwekwa humo, hewa yake huweza kuingia kwa watu wengi. Afadhali roshani iliyo wazi, au uani. Wenye nyumba nao wasizibe matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha.

Wazee walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," na neno hilo ni la kweli katika mambo mengi. Lakini katika chumba chenye moto, ufa wa mlango ni rafiki yako. Usiuzibe, na kabla ya kulala hakikisha kwamba jiko liko nje.