Gwaride, Manowari na Ngoma ya Beni Ukingoni mwa Ziwa Tanganyika

Gwaride la wakati wa vita huwalenga watazamaji wa namna mbili: adui, apate kuogopa, na raia, wapate kuamini kwamba mtawala wao angali na nguvu. Kwa hiyo gwaride ni aina ya usemi, na maana ya usemi haiwi mikononi mwa msemaji peke yake. Jambo hili ladhihirika katika nchi ya Kigoma, Ujiji na Kidahwe.

Reli ya Wadachi ilifika Kigoma mwaka 1914. Vipande vya meli Graf von Götzen vililetwa kwa reli hiyo, vikaungwa, na Februari 1915 meli ikashushwa majini. Ilikuwa gwaride la majini: kila ilipopita ilitangaza ziwa ni la nani. Lakini mwaka 1916 mzinga wake mkubwa uliondolewa, na yaelezwa kuwa mahali pake pakawekwa mfano wa mti. Alama ilibaki, nguvu ilikwisha kuondoka. Tarehe 26 Julai 1916 Wadachi waliizamisha wenyewe. Wabelgiji wakaingia, wakakaa hata 1921, kisha wakawapisha Waingereza. Katika miaka mitano wenyeji waliona bendera tatu, kila moja na askari wake. Aliyeona hayo hakosi kutambua kwamba gwaride si nguvu yenyewe.

Vita hivyo hivyo vilieneza beni. Ngoma hii, ambayo jina lake latokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga tarumbeta, ilianza pwani ya Bahari ya Hindi kabla ya vita, ikachukuliwa bara na askari na wapagazi. Wachezaji walijipanga safu kama jeshi, wakatwaa vyeo vya kingi na gavana, wakashindana, Marini kwa Arinoti. Wako wasemao kuwa huku ni kuiga tu. Sisi twaona vingine: cheo ambacho Mwafrika alinyimwa jeshini alijivika ngomani, na amri za kigeni zikajibiwa kwa nyimbo za Kiswahili. Waingereza nao hawakuona mchezo mtupu. Baada ya vita waliichunguza beni, wakihofu siasa ndani yake.

Meli nayo iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kuchukua abiria kwa jina la Liemba. Kama safu na vyeo vya beni, chombo cha kutishia watu kiligeuka kuwa chombo cha matumizi yao.