Simu ya Mhudumu wa Afya ni ya Kazi

Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya wamekuwa wakipewa simu za kazi na kufunzwa kuzitumia. Mhudumu akibonyeza simu nyumbani kwako, usidhani anacheza. Simu humwongoza maswali ya kuuliza, naye hujaza majibu yako. Mwonyeshe kijitabu cha kliniki, umweleze homa ilianza lini.

Mtoto akikohoa, mtulize ili pumzi zihesabiwe dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Mpeleke kliniki mara moja.

Akishindwa kunyonya, akipata degedege au akizirai, usimngoje mhudumu. Kimbia hospitali!