Reli za Ndani ya Seli (2): Kutoka Singa ya Mkonge Hadi Tumbo la Mbuzi

Wiki iliyopita tuliitazama seli kwa nje: ukuta na utando. Leo tuingie ndani, na msomaji wa Korogwe anaweza kuanzia palepale alipo, pale korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge.

Jani la mkonge likishapita kwenye mashine, nyama ya kijani huchujuka na maji, zikabaki singa zinazoanikwa juani. Chukua singa moja. Ina urefu wa karibu mita nzima, lakini si uzi mmoja. Ni fungu la seli nyembamba, kila seli ina milimita chache tu, zimegandana ncha kwa ncha na ubavu kwa ubavu. Zote zimekwisha kufa, zimebaki kuta zake. Hata hivyo, ukiizungusha kidoleni na kuivuta kwa nguvu, itakuumiza kabla haijakatika.

Nguvu hiyo ni ya selulosi, na zaidi ni ya mpango wake. Seli ilipokuwa changa, nyuzi za selulosi zilizungushwa ukutani kwa mwelekeo maalumu, na kinachoelekeza kazi hiyo ni vibomba vilivyolala chini ya utando wa seli, yaani mikrotubuli. Mwaka 1962 Paul Green, kwa kuchunguza mwani ulioharibiwa mpangilio wake na dawa ya kolchisini, alikisia kwamba lazima kuna nyuzi za namna hiyo. Mwaka uliofuata Myron Ledbetter na Keith Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard waliviona vibomba vyenyewe kwa hadubini ya elektroni, wakavipa jina. Mwaka 2006 watafiti wa Stanford walionyesha, katika mmea mdogo wa maabara, mitambo inayotengeneza selulosi ikisafiri kwa kufuata njia za mikrotubuli. Wazee waliofanya kazi mashambani wataelewa upesi: ni kama vitoroli vya mkonge juu ya reli zake nyembamba.

Reli hizo zimejengwa kwa protini iitwayo tubulini. Kuna tubulini alfa na tubulini beta, nazo hushikana mbilimbili. Jozi moja ina urefu wa nanomita 8. Jozi hujipanga safu, na kwa kawaida safu 13 hufunga bomba moja lenye upana wa nanomita 25. Ukivilaza vibomba 40,000 ubavu kwa ubavu, utajaza milimita moja tu ya rula.

Linalonishangaza mimi zaidi ni kwamba reli hizi hazidumu. Upande mmoja jozi mpya zinaongezwa, kisha ghafla bomba linabomoka na tofali zake zinatawanyika, tayari kutumika kwingine. Seli inapotaka kugawanyika huzibomoa reli zake na kwa tofali zilezile ikajenga nyuzi za kuvuta kromosomu, nusu huku, nusu kule. Bila tubulini seli haigawanyiki ipasavyo, iwe ya mkonge, ya mtoto au ya mnyoo.

Hapo kwenye mnyoo ndipo twende Handeni, kwa wafugaji wa mbuzi. Albendazoli, dawa ambayo watoto wetu hupewa shuleni na mfugaji huwanywesha mbuzi wake, inafanya kazi kwa kuishika tubulini beta ya mnyoo. Jozi mpya zinashindwa kujiunga. Seli za utumbo wa mnyoo hupoteza reli zake, haziwezi tena kufyonza sukari, na mnyoo hufa kwa njaa. Sisi nasi tuna tubulini beta, ila yetu inatofautiana kidogo, na dawa huishika kwa udhaifu zaidi. Usalama wetu unategemea tofauti hiyo ndogo. Ndiyo maana mama mwenye mimba ya miezi mitatu ya mwanzo hapewi dawa hii, kwa kuwa seli za mtoto zinagawanyika kwa kasi. Mbuzi mwenye mimba changa naye asinyweshwe.

Lakini mnyoo naye hubadilika. Katika minyoo ya kondoo na mbuzi imeonekana kwamba badiliko moja tu kwenye tubulini beta, kwenye asidi amino ya 200 katika mnyororo wake, linatosha kuizuia dawa isishike. Mnyoo mwenye badiliko hilo huponea, huzaa, na malisho hujaa wanawe. Kinachomsaidia zaidi ni dozi pungufu: inawaua walio dhaifu, inawaacha wakaidi.

Kwa mbuzi hatari ni kubwa, maana mwili wake huiondoa dawa hii haraka kuliko wa kondoo, hivyo kipimo cha kondoo hakimtoshi. Nimemwona mfugaji akijaza bomba la sindano kwa kukadiria, akiwanywesha kundi zima sawasawa, dume kubwa na mwanambuzi. Nia yake njema, lakini kwa dume lile alikuwa akiwafuga minyoo sugu.

Ndugu mfugaji wa Handeni, mpime mbuzi kwa mizani, au tumia kipimo cha mbuzi mzito kuliko wote katika kundi la umri mmoja. Kabla ya kununua chupa nyingine, mwulize afisa mifugo wa kata yako kipimo cha mbuzi, si cha kondoo.