Diski Isiyoonekana Kwenye Seva

Seva ni kompyuta inayohifadhi kumbukumbu za taasisi na kuzitoa kwa kompyuta nyingine zinazozihitaji, na katika mji wa Machakos, kama ilivyo katika miji mingine ya Kenya, hospitali, vyama vya akiba na mikopo, shule na ofisi za kaunti hutegemea mashine za aina hii kila siku ya kazi. Seva inapotoa taarifa kwamba haioni diski yake, hukumu inayotolewa upesi ni kwamba diski imekufa, ilhali mara nyingi diski ni nzima na kilichoharibika ni njia inayoiunganisha na kompyuta. Vivyo hivyo, ghala la mji wa Masii linaweza kuwa limejaa nafaka na watu wakakosa chakula kwa sababu daraja limekatika.

Njia hiyo huanzia kwenye adapta ya hifadhi, yaani kadi inayopokea amri za mfumo endeshi na kuzipeleka kwa diski kwa lugha ambayo diski inaielewa. Kutoka hapo hufuata kebo ya data, kisha soketi ambamo diski huchomekwa, na kando yake waya wa umeme unaoizungusha. Katika kiwango cha kuunganisha diski kiitwacho SATA, kilichoingia sokoni mwaka wa 2003, kebo ya ndani haipaswi kuzidi mita 1, na kwa kuwa toleo lake la sasa hupitisha hadi gigabiti 6 kwa sekunde, kiunganishi kilicholegea kidogo tu au kilichoingiwa na vumbi la kiangazi hutosha kuharibu data ikiwa safarini. SAS, kiwango kilichobuniwa kwa ajili ya seva, kina mtego wake: diski ya SATA hufanya kazi katika soketi ya SAS inayodhibitiwa na adapta ya SAS, lakini diski ya SAS haifanyi kazi katika soketi ya SATA.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya diski yenyewe, kwa maana diski nyingi za SATA huweka rekodi ya afya yake iitwayo SMART. Kipengele nambari 5 huhesabu sehemu za diski zilizochakaa na kubadilishwa na za akiba, na kipengele nambari 199 huhesabu data iliyoharibika kati ya diski na adapta. Hesabu ya 199 ikipanda huku ile ya 5 ikibaki sufuri, wa kushukiwa kwanza ni kebo. Hata hivyo, hesabu ya 199 kwa kawaida hairudi nyuma hata baada ya kebo kubadilishwa, kwa hiyo fundi makini huiandika, hubadilisha kebo, kisha hutazama kama inaendelea kukua. Pale ambapo shaka inabaki, seva huzimwa, kila diski hubandikwa alama ya nafasi yake, na diski inayoshukiwa hujaribiwa katika nafasi nyingine: kasoro ikiifuata, diski ni mbovu, ikibaki kwenye nafasi ya awali, tatizo ni kebo, soketi au adapta.

Diski kadhaa zikitoweka kwa dakika ile ile, ni vigumu kuamini kwamba zote zimekufa pamoja, na busara ni kukagua kile zinachoshiriki, yaani kadi, kebo au umeme. Adapta za seva hutengenezwa kwa kutegemea upepo mkali wa feni, hivyo zikiwekwa katika kompyuta ya kawaida ya ofisi huchemka na kuanza kuzipoteza diski zake. Kukatika kwa stima nako kuna madhara yake. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliyeanguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru aliiingiza nchi nzima gizani, na tarehe 25 Agosti 2023 giza kama hilo lilirudi. Umeme ukikatika ghafla, data inayosubiri katika kumbukumbu ya muda ya adapta huokolewa na betri ndogo, iwapo betri hiyo haijazeeka. Umeme ukirudi, diski zilizo katika kasha la nje zinaweza kuchelewa kuamka na adapta ikaziona kama hazipo. Dawa yake ni kuzima kila kitu kwa utaratibu, kuwasha kasha kwanza, na seva baadaye.

Hasara kubwa kuliko zote husababishwa na haraka. Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza mwaka wa 1988 mpangilio wa RAID, ambao huunganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja, na aina yake ya tano huvumilia kupotea kwa diski moja tu. Kebo mbovu ikificha diski mbili, adapta hutangaza kwamba mpangilio umevunjika na huenda ikatoa nafasi ya kuunda mwingine. Anayekubali anaweza kufuta rekodi za wagonjwa ambazo zilikuwa salama kabisa. Kabla ya jaribio lolote la kurekebisha mpangilio, diski zinazosomeka hunakiliwa kwanza. Zikilazimika kupelekwa kwa wataalamu Nairobi, hukabidhiwa kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huiachia taasisi jukumu la kulinda taarifa za watu hata zikiwa ndani ya diski iliyoharibika.