Je, Wajua? Kuvu Inayoua Wadudu

Je, wajua kwamba fukusi anayetoboa migomba ya kwetu Kiruruma naye ana maradhi yake? Kuvu za Beauveria na Metarhizium humuua, na hazingoji kuliwa. Spora ikimnasa ngozini huota hapo hapo, ikatoboa, ikaingia mwilini.

Je, wajua gundi ya kumnasa hutoka kwenye jeni iitwayo MAD1? Metarhizium ina nyingine, MAD2, ya kushikia mizizi ya mimea. Kuvu ikishafika kwenye damu ya mdudu, jeni ya tatu, MCL1, huamka ndani ya dakika 20 na kuifunika kuvu ili kinga ya mdudu isiitambue. Kwa ujanja huu mimi naivulia kofia.

Ile gundi ya mizizi nayo ina faida. Mwaka 2012 watafiti wa Canada walionyesha kwamba Metarhizium huchukua naitrojeni ya mdudu iliyemuua na kuipeleka kwenye mmea wa maharage. Mbolea ya maiti, hiyo!

Je, wajua kuna kuvu mlafi na kuvu mchaguzi? Vinasaba vyao vilichapishwa mwaka 2011. Metarhizium robertsii, inayoshambulia wadudu wa kila namna, ina jeni 10,582. Metarhizium acridum, ya nzige, ina 9,849. Mchaguzi huyo ndiye aliyenyunyiziwa nzige wekundu mwaka 2009 huko Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi. (Senene wetu ni ukoo mwingine, wenye vipapasio virefu.)

Nchini Burkina Faso kuvu inayoua mbu ilipandikizwa jeni ya sumu ya buibui wa Australia. Katika kijiji cha majaribio kilichozungushiwa neti, mbu waliporomoka ndani ya vizazi viwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019.

Je, wajua kuvu ICIPE 78, inayotumika dhidi ya utitiri mwekundu, ilipatikana mwaka 1990 kwa fukusi wa migomba huko Ungoye, Kenya?

Kuvu ikikuzwa maabara mara nyingi mno hupoteza makali. Ikipitishwa tena mwilini mwa mdudu huyarudisha.

Ukienda dukani kuitafuta, usiulize "dawa ya kuvu" tu, utapewa ya kuua kuvu. Uliza namba ya aina, kama hiyo ICIPE 78, na mdudu inayemlenga. Wala usiichanganye kuvu hiyo kwenye bomba moja na dawa ya ukungu wa kahawa: utaua ulichonunua.