Mstari Mmoja wa Sauti Ndani ya Moyo

Mwaka 1953, daktari wa moyo Inge Edler wa Lund, Sweden, alitaka kujua kabla ya upasuaji kama vali ya mitrali ya mgonjwa imebana tu au pia inavujisha damu. Akishirikiana na mwanafizikia Hellmuth Hertz, alianza na mashine ya kuazima iliyotumika kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Hapo ndipo kilipozaliwa kipimo cha modi ya M.

Kipimo hiki hakichori umbo la moyo. Hupeleka mstari mmoja wa mawimbi ya sauti kifuani, zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, na kuandika kila kinachorudisha mwangwi kinavyosogea. Kasi hiyo ndiyo sababu siungi mkono wanaokiacha kwa kuwa sasa tuna picha kamili. Picha ya kawaida hupigwa mara makumi kadhaa kwa sekunde, na vali ina haraka kuliko hapo.

Tazama jani la mbele la vali ya mitrali. Likiwa zima, huchora herufi M: hufunguka damu inapoingia, hurudi nyuma, kisha hufunguka tena chemba ya juu inapojikamua. Homa ya rumatiki, ambayo bado inaharibu mioyo ya watoto na vijana wetu Afrika Mashariki, huyagandisha majani pembeni. Shinikizo la chemba ya juu haliteremki upesi, kwa hiyo baada ya kilele cha kwanza mstari hubaki karibu bapa. Jani la nyuma nalo, badala ya kwenda upande wake, huburutwa mbele na mwenzake. Ukishauona mchoro huo hutausahau.

Katika ugonjwa wa msuli wa moyo kunenepa, jani hilo la mbele huweza kuvutwa hadi kwenye ukuta wa kati wakati moyo unasukuma damu, likaziba njia ya kutokea. Msuli ukilegea na kutanuka, jani lililofunguka hubaki mbali na ukuta huo. Nafasi ikizidi milimita 7, shuku kwamba nguvu ya moyo imepungua.

Lakini nafasi hiyo huongezeka pia vali inapobana, hata msuli ukiwa na nguvu. Mstari ukipita mshazari nao, ukuta huonekana mnene kuliko ulivyo. Kwa hiyo anayepima aanze kwa kuunyoosha mstari juu ya picha, na aikague vali kabla ya kuulaumu msuli.